Miezi Minane ya Kuchagua Gari la Mama

Mie bado nina hasira. Watu wa nyumbani wananiambia yamekwisha, niyaache, mtu mzima hakai na kinyongo. Yamekwisha kwao. Nina hasira na kaka yangu, nina hasira na yadi ya magari iliyoko njia ya Kawe, nina hasira na kundi letu la familia la kwenye simu na vidole gumba vyake, na kuliko wote nina hasira na mie mwenyewe, maana katika sie wote mie ndiye niliyekuwa nalala nyumba moja na Mama.

Mama alikuwa anataka kitu kimoja tu: kwenda Mbagala kumwona shoga yake. Huyo shoga yake tulizoea kumwita Mama Mbagala. Ni marafiki tangu wasichana huko kusini, wakaja mjini mwaka mmoja kufuata waume, wakazaa kwa kupokezana, wakazika waume, mmoja leo, mwingine baada ya miaka miwili. Uzeeni sukari ikamkata mguu Mama Mbagala, akawa mtu wa kitandani. Mama yetu naye akateleza bafuni, nyonga ikavunjika, akafungwa chuma. Tangu hapo mguu wake wa kulia haukunjiki vizuri na anatembelea fremu.

Kutoka kwetu Temeke mpaka Mbagala si safari ya kuaga watu. Na Mama alikuwa ameshapata njia yake. Kila Alhamisi bajaji ilikuwa inasogezwa mpaka kwenye kizingiti cha baraza, Mama anageuka, anatanguliza makalio, anakaa ubavu, mguu mbovu anaunyoosha juu ya siti yote. Fremu inafungwa nyuma kwa mpira. Hakuna aliyemfundisha, aliigundua mwenyewe baada ya kuhangaika na teksi mbili tatu akilia kwa maumivu. Akifika kule anawekewa kiti kando ya kitanda, wanakaa mpaka alasiri wakiwasengenya wazima na wafu. Mie niliwahi kuwasikia wakicheka mpaka mmoja akaomba maji.

Sasa Alhamisi moja kaka akapita Temeke bila taarifa. Kaka yangu ni kifungua mimba, ana kazi yake ya ofisini, amejenga Mbweni, ana geti linalojifungua lenyewe. Akakutana na Mama pale kona, ndani ya bajaji, mguu umetokeza nje kidogo na kandambili inaning'inia kidoleni. Weee! Ungesema amemkuta Mama anaombaomba. Akasimamisha gari katikati ya njia.

"Mama yangu mie anapakiwa hivi? Watu wanaonijua wakimwona?"

Mama akamwambia, "Baba, mie hapa nimekaa raha mustarehe."

Hakumsikia. Akawaita vijana wa kijiwe cha bajaji akawaambia asionekane mtu anambeba huyu mzee tena, akatuita ndani, akatangaza kwamba Mama atanunuliwa gari. La kwake mwenyewe, na mie ndiye nitakayemwendesha. Mama avumilie kidogo tu. Na mie, nisiwadanganye, nilishangilia. Nilipiga kigelegele sebuleni peke yangu. Mama akauliza, "Na Alhamisi ijayo?" Kaka akasema, "Mama, gari ni wiki mbili hizi." Zikawa wiki mbili za miezi minane.

Mie nina duka la spea Manzese, barabara ya Morogoro, mabasi ya mwendokasi yanapita mbele yangu kutwa. Nauza bush, brekipedi, shokomzoba, vichujio vya oili, na nimekaa kwenye biashara hiyo miaka mingi kuliko mafundi wengi walioko pale. Kwa hiyo nilidhani likija suala la gari, nyumba nzima itanigeukia mie. Thubutu! Kikao cha kwanza tulikifanya Jumapili kwa kaka, Mbweni, na kaka alishakata shauri kabla hatujanywa chai. Alikuwa na picha kwenye simu. Hachibeki ndogo ya kifahari, ile iliyokatwa mkia, haibridi ya mafuta na umeme, nyeupe, siti za ngozi, skrini ubavuni mwa usukani, taa za ndani zinabadilika rangi.

"Hii ikiwaka huisikii," akasema. "Mama atakaa kama yuko sebuleni."

Nikamuuliza, "Na betri yake ikifa?"

"Betri inadumu."

"Kaka, hizo zilizokufa zinaletwa kwangu. Watu wanalia pale dukani."

Akanitazama, akatabasamu lile tabasamu lake la ofisini. "Sista, wewe unauza bush. Haya mambo ya umeme waachie wenyewe."

Jamani. Nilihisi damu inanichemka mpaka masikioni. Unauza bush! Ada yake ya chuo, muhula wa mwisho, ilitoka wapi? Nilinyanyuka na kikombe changu nikaenda kukaa kibarazani kwake nikiangalia ukuta wa jirani, na pale pale nikala yamini kwamba hiyo haibridi haiingii Temeke nikiwa hai.

Kesho yake nikaenda yadi ile ile alikoipigia picha, njia ya Kawe, kutafuta gari la kumshinda. Nikalipata. Steshenwagoni nyeusi yenye tabo, injini ya mbio, rimu pana, imelala chini kwa ulaini, buti lake unaweza kuingiza fremu, kiti cha magurudumu na masufuria ya shughuli na bado ukabaki na nafasi. Nikaiwasha. Ikanguruma kidogo tu, kwa adabu. Nikaipiga picha pande zote nikaitupa kwenye kundi la familia.

Ndipo vita ikaanza rasmi. Kaka akaandika: tabo ya nini kwa bibi wa miaka sabini na kitu, anakwenda kushindana? Nikaandika: hachibeki ya nini kwa mtu mwenye fremu, fremu utaivaa kichwani? Akaleta video ya mtu anaisifia haibridi. Nikaleta sauti ya fundi wangu anaiponda. Akasema steshenwagoni inakunywa mafuta. Nikasema haibridi ikizingua utaitembeza mji mzima kutafuta fundi. Baba mdogo akawa anaweka dole gumba kwa kila ujumbe, wa kaka na wa kwangu, siku hiyo hiyo. Ilikuwa hivyo wiki baada ya wiki, na kila mmoja wetu alikuwa na haki. Kaka alikuwa na haki juu ya tabo. Mie nilikuwa na haki juu ya betri. Wapumbavu wawili wenye haki.

Na ngoja niseme lile ambalo sikulisema kwenye kundi. Nilikuwa naitaka ile gari mie. Niliitaka kwa sababu nilijiona nashuka kutoka ndani yake pale Manzese asubuhi, wale wanaume wa maduka ya jirani, wanaoniitaga "mama bush", wanyamaze. Kila niliposema buti la fremu ya Mama, kichwani nilikuwa nauona mlango unafunguka mbele ya duka langu. Kaka naye, sina shaka, alikuwa anawaona watu wa Mbweni wanavyomtazama mama yake akishushwa kutoka kwenye siti za ngozi. Mama hakuwemo katika picha yoyote.

Wala si kwamba alinyamaza. Mama ni mtu wa pwani, hakwambii jambo mara moja usoni. Anakuzungusha ufike mwenyewe. Mara ya kwanza alimuuliza kaka kwenye simu, mie nipo, spika imefunguliwa: "Hivi baba, hilo gari siti yake iko juu?" Kaka akajibu, "Mama, siti zake ni za ngozi!" Mama akasema, "Alhamdulillah," akanirudishia simu. Mara ya pili alinishika mie jikoni. "Mwanangu, hizo gari zenu, mtu anapanda au anashuka ndipo aingie?" Nikamjibu, tena kwa haraka maana nilikuwa naandika jibu la kumkomesha kaka, "Utapanda tu Mama, sie tupo, tutakusaidia." Mara ya tatu hakuuliza. Alisema tu, kama anayezungumza na kuku, kwamba vijana wa bajaji hawamsalimii tena siku hizi, wanamwogopa.

Mtu ataniuliza: kwa nini hamkumchukua mkampeleka yadi akajaribu kukaa? Swali zuri sana. Mie nimejiuliza mpaka nimeliota. Jibu ni kwamba tuliona aibu. Kwetu zawadi ya mzazi haijaribiwi. Mzazi hatembezwi juani kwa wachuuzi akakalishwa huku na kule, watu wakamwambia inuka, kaa, inuka, kama anayenunuliwa viatu vya shule. Anafunikiwa jambo, anaandaliwa, siku ikifika anatolewa nje kwa vigelegele. Katika miezi yote minane hilo ndilo jambo pekee ambalo mie na kaka tulikubaliana bila kutukanana. Yaani tuligombana juu ya yote yasiyo na maana, tukapatana juu ya lile lililotuangamiza.

Alhamisi za mwanzo Mama alikuwa anavaa. Anaoga, anajifunga, anatoka barazani na mkoba wake, anakaa. Mie narudi kutoka Manzese namkuta bado amevaa. Baadaye akaacha kuvaa. Simu walikuwa wanapigiana, lakini Mama Mbagala sauti ilishaisha, unasikia pumzi tu na neno moja moja, Mama anapayuka huku, "Nakuja shoga! Nanunuliwa gari! Nisubiri!" Mie nikimsikia nilikuwa nacheka. Nilikuwa nasema, ona alivyo na hamu na gari lake.

Mama Mbagala alifariki masika, asubuhi ya mvua. Binti yake, ambaye ni rika langu na tulicheza rede pamoja utotoni, alinipigia dukani. Akasema mazishi ni alasiri. Akasema, "Mlete Mama." Nikampigia kaka.

Kaka akaanza kusema kwa ile sauti ya kupanga mambo. "Ukimwambia atataka kwenda. Gari hakuna. Mie niko kikaoni, siwezi kutoka. Atarudi kwenye bajaji, kwenye mvua hii, na ile nyonga. Presha itampanda. Unataka tuwe na misiba miwili? Usimwambie. Mpaka gari ije, tutamwambia taratibu, tutampeleka kwa heshima. Ni wiki ijayo tu hii."

Ningeweza kumkatalia. Nimewahi kumkatalia mambo madogo kuliko hayo kwa matusi. Ningeweza kufunga duka, kwenda kijiweni, kumshika kijana mmoja wa bajaji mkono na kumwambia mie ndiye ninayetoa ruhusa. Nikasema, "Sawa kaka." Nakumbuka kabisa nilivyosema. Sawa kaka.

Nilikwenda mazishini peke yangu. Binti yake akatazama nyuma yangu, akaniuliza Mama yuko wapi. Nikamwambia hali yake si nzuri, tunasubiri gari, likija tu tunamleta. Akasema, "Mama alikuwa anamuulizia." Kisha akaenda kupokea watu wengine. Nikarudi Temeke, nikapita nyumba kwa nyumba mtaani kwetu kuwaomba majirani wasimwambie Mama kitu. Wote wakakubali. Wote walisema nimefanya vyema, mgonjwa hapewi taarifa hovyo. Mtaa mzima ukawa unamsalimia Mama na uongo mdomoni.

Na uongo wangu mie ulikuwa wa kila jioni. "Shoga anaendeleaje?" "Anaendelea vizuri, Mama." "Umepita?" "Nilipita jana." "Amesemaje?" Mungu anisamehe, nilikuwa natunga. Nilikuwa namletea Mama salamu za marehemu. Siku moja akamwagiza jirani doti ya kanga, akaikata kati mwenyewe, upande mmoja akajifunga, upande wa pili akanipa nimpelekee mwenzake, kama walivyozoea tangu usichana wao kuvaa kanga moja wawili. Niliichukua. Niliiweka dukani kwenye rafu ya juu, nyuma ya maboksi ya brekipedi. Jioni akaniuliza, "Ameipenda?" Nikasema ameipenda sana.

Ungetegemea baada ya hapo tungenunua gari lolote lenye matairi, kesho yake. Wapi! Tuliendelea kubishana. Niliposema jamani tununue tu, Mama Mbagala amekufa, kaka akasema ndiyo maana tusikosee sasa. Hata mie, baada ya arobaini ya marehemu kupita, nilijikuta siku moja natuma picha ya buti.

Sikushinda kwa hoja. Haibridi ilinunuliwa na mtu mwingine. Kaka alikwenda yadi akakuta nafasi yake tupu, akanipigia simu amenywea, akasema basi, chukua hilo limkokoteni lako. Nikafurahi. Nikamchukua fundi wangu wa Manzese, mtu mzima mwenye kuheshimika, akaikagua chini na juu. Alipomaliza akafuta mikono, akasimama mbali kidogo akiitazama.

"Injini haina tatizo," akasema. "Ila mbona imelala chini hivi? Atakayepanda nani?"

"Wee uliambiwa uangalie injini," nikamwambia. "Kulala chini ndiyo uzuri wake, inashika barabara."

Akakusanya spana zake. Nilimlipa ujira wake, nikaondoka na gari, na ndiyo, nilipita Manzese kwanza. Nilipiga honi.

Siku ya kumkabidhi ilikuwa Jumamosi, kipupwe, jua zuri. Kaka alileta watu wake, keki, turubai, na utepe mwekundu mpana aliouzungusha kwenye boneti. Majirani walijaa. Mama alitolewa ndani amefunikwa macho na mtandio, fremu inagonga sakafu, wanawake wanaimba. Alikuwa amevaa ule upande wake wa kanga. Kaka akamfunua macho. Vigelegele mpaka mbwa wa jirani wakakimbia. Mama akalitazama lile gari jeusi, akatabasamu, akatubariki wote wawili mmoja mmoja kwa kutushika vichwa. Kisha akatazama mlango uliokuwa wazi, na mie nikamwona anapima.

Siti ilikuwa chini ya magoti yake.

Tulijaribu, jamani. Akageuka kama alivyokuwa anafanya kwenye bajaji, akatanguliza makalio, lakini pale hapakuwa na pa kufikia, ulikuwa unashuka tu, unashuka kama unakaa kwenye kigoda, na nyonga ile haishuki. Kaka akamshika kwapa la kulia, mie la kushoto. Mama akapiga ukelele. Waimbaji wakanyamaza. Mtu mmoja alikuwa bado anarekodi na simu, nikamfokea mpaka akaiangusha. Mwishowe tukailaza siti ya mbele yote nyuma, tukamwingiza kwa kumteleza kama godoro, akalala chali anatazama paa la gari, jasho linamtoka, mdomo anauuma. Kaka anasema, "Umeona Mama? Umeona? Umeingia!"

Nilimchukia pale kuliko nilivyowahi kumchukia. Na nikajua kwamba hata ile haibridi yake isingemfaa, ilikuwa chini vile vile. Kwamba tumeshindana miezi minane kwa magari mawili ambayo hakuna hata moja ambalo Mama angeweza kulikalia. Nilitaka kumpiga mtu. Nilitaka yule mtu awe kaka, lakini mkono ulikuwa umeshika fremu.

Mama alipopata pumzi, akasema kwa furaha kabisa, pale pale alipolala, "Haya. Nipelekeni kwa shoga."

Majirani wakaanza kutazama chini. Kaka akainama dirishani akasema, "Mama, leo twende kwanza Mbweni, upunge upepo wa bahari, chakula kimeshaandaliwa, halafu huko Mbagala siku nyingine..."

"Nipelekeni kwa shoga," Mama akasema tena. "Gari si limekuja?"

Hapo mori ukanipanda, nikapasuka. Ninge­kuwa na busara ningewaondoa watu, ningemshika mkono, ningetafuta maneno. Sikuwa nayo. Nikasema kwa sauti, mbele ya keki na mtaa mzima, "Mama, Mama Mbagala alifariki. Huyu akasema tusikwambie na mie nikakubali."

Kaka akasema, "Una wazimu wewe?"

Mama hakulia. Aliendelea kutazama paa. "Lini?"

"Masika, Mama."

"Alizikwa lini?"

"Siku hiyo hiyo. Nilikwenda."

"Na salamu ulizokuwa unaniletea?"

Nikaibana fremu yake kifuani.

"Na kanga?"

"Ipo dukani."

Akageuza shingo taratibu akawatazama majirani zake, wale wanawake aliowapikia misibani mwao kwa miaka arobaini, mmoja baada ya mwingine. Kila aliyetazamwa akavuta mtandio. Kisha akasema, "Washa gari."

Niliendesha mie. Kaka alikaa nyuma na fremu mapajani, maana katika haraka ile hakuna aliyelikumbuka lile buti. Kila tuta Mama alikuwa anaguna. Gari lile lilikuwa linagusa chini kwenye njia za ndani za Mbagala, krrr, krrr, na mie nalia na kutukana, nalitukana lile gari, rimu zake na tabo yake, mpaka Mama akaniambia ninyamaze, anataka kusikia njia.

Binti wa marehemu alikuwa anafagia uani. Aliweka ufagio chini. Ilituchukua muda kumtoa Mama, na yeye akaja kutusaidia bila kuombwa, akaingiza mikono chini ya mgongo wake kama mtu aliyezoea kunyanyua wagonjwa. Mama aliposimama wima kwenye fremu, binti akasema, "Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Nimechelewa."

"Umefika, Mama."

Akamfuta Mama jasho usoni kwa upindo wa kanga yake. Kisha akalitazama gari, kutoka mbele mpaka nyuma, utepe mwekundu bado umening'inia kwenye boneti. Akanigeukia mie.

"Ndilo hili mlilokuwa mnalisubiri?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Zuri," akasema. "Hongereni."

Na kaka yangu, mtu mwenye shahada yake, mtu wa Mbweni, akasema, "Ahsante sana."

Mama aliingizwa ndani. Sie tulibaki uani, hakuna aliyetuletea viti na hatukustahili viti. Tulikaa pale mpaka jua likapungua. Nilipoingia kumwambia Mama kwamba tuondoke kabla foleni haijafunga njia, nilimkuta amekaa kwenye kiti kando ya kitanda kilichotandikwa shuka safi, kisicho na mtu, mguu ameunyoosha juu ya godoro. Kaka alikuwa nyuma yangu mlangoni. Mama akasema yeye haondoki, anakaa arobaini.

Kaka akasema kwa upole, kama anayemweleza mtoto, "Mama, arobaini ilishapita. Zamani."

"Yenu ndiyo imepita," Mama akasema. "Yangu naianza leo. Nyie nendeni na gari lenu."

Tukaenda.